Ambulensi Iliyopakwa Nyeusi

Kamati ya dispensari ya Kaptuiyet ilimwita Kipkurui baada ya kwisha kuamua. Ndiyo kawaida ya kamati: hukuita usikie, si useme. Aliwakuta wanakamati wameketi kwenye benchi za wagonjwa, chupa za soda zimeshafunguliwa, na msichana mmoja wa Nairobi aitwaye Celine amekumbatia karatasi kifuani kama mtoto mchanga. Soda ya Kipkurui haikuwepo.

“Keti, dereva,” alisema Kiptum, mwenyekiti. “Leo Mungu ametukumbuka.”

“Kongoi, asante, Chairman. Ametukumbuka na nini?”

“Na sinema.”

Wakacheka wote, kicheko cha watu waliokwisha kushiba habari. Kiptum akaeleza. Wazungu wamefika kwenye mashamba makubwa ya chai kupiga sinema ya wakati wa ukoloni, na wanatafuta gari la miaka hiyo. Wamezunguka kuanzia Nakuru hadi Sigowet, na kila wanaloonyeshwa kuku wanatagia ndani. Kisha mtu akawaambia kwamba Kaptuiyet kuna ambulensi.

“Ni kweli, mzee,” alisema Celine. “Hii yako ndiyo peke yake tumeona iko vile ilitoka kiwandani. Umeitunza mpaka nati.”

Kipkurui hakujua kama ashukuru au alie. Ambulensi ile, Bedford, ilitengenezwa mwaka wa hamsini na nne, na sasa ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Ilikuwa nyeupe, na msalaba mwekundu kila ubavu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameikatia gasketi kwa kadibodi za maboksi, ameitengenezea bushi za ngozi ya ng'ombe, ameiosha hata mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Kumbe alikuwa akiinonesha ili ichinjwe. Angeliacha lioze, kama wakubwa walivyoacha mengine yote yaoze, leo gari lingekuwa salama.

“Wanaitaka ya nini? Ya kubeba wagonjwa wa sinema?”

Celine aliangalia karatasi zake. “Watabadilisha kidogo tu. Itakuwa gari ya mazishi. Ile ya wazungu wa zamani, yenye vioo.”

Mzee mmoja wa kamati akaweka soda yake sakafuni kabla haijaisha.

“Gari la maiti?” aliuliza Kipkurui.

“La mchezo!” Kiptum alipiga makofi mara moja, kama mtu anayefukuza kuku. “Sanduku ni tupu. Ni mbao na hewa. Baada ya wiki tatu wanairudisha vile ilivyokuwa, na juu yake wanatupatia mabati ya wodi ya kina mama. Nani hapa amewahi kupewa mabati kwa sababu ya hewa?”

Hapakuwa na mtu chumbani mle asiyejua sheria ya Kipkurui. Gari lile halikuwa limebeba maiti hata siku moja. Aliyefia hospitalini alirudi kwao kwa pikapu ya kukodi, au kwa trekta, au alivyoweza, kwa sababu watu wa matuta yale, pamoja na ubatizo wao wote, hawalali mahali alipolala maiti. Wazee wao walikuwa mtu akifa hawamtaji tena jina, na aliyemgusa alikaa siku zake kando, akila bila kutia mkono chakulani. Kanisa lilikuja likaondoa mengi, lakini hilo lilibaki chini kama mzizi wa mti uliokatwa. Babake Kiptum mwenyewe alipofia hospitalini, Kipkurui alirudi na gari tupu. Kiptum hakusahau.

“Na mke wangu nyumbani?” aliuliza Kipkurui. “Mnajua moyo wa Rodah. Ulimshika mwezi wa pili, ukamshika mwezi wa tano. Mara zote mbili ni hii gari. Daktari alisema ukimshika tena, ni saa, si siku.”

“Wiki tatu, dereva. Mwambie Rodah avumilie wiki tatu.”

“Moyo hauambiwi, Chairman.”

“Basi mwambie mwenye moyo,” akasema Kiptum, na kamati ikacheka kwa mara ya pili. Funguo zilitolewa mfukoni mwa Kipkurui mbele ya wote, naye akarudi kwake kwa miguu.

*

Siku ya nne alishindwa kukaa nyumbani. Alitembea mpaka kambi ya sinema, kwenye uwanja wa mpira wa shamba kubwa, na kabla hajaliona gari alisikia msumeno wa chuma. Fundi alikuwa Mkisii mmoja, Gichana, mtu wa mikono mikubwa na maneno mengi.

“Unakata nini?”

“Nakata dirisha, mzee wangu. Simama mbali kidogo, cheche hazina heshima.”

Ubavu wa kushoto ulikuwa wazi kuanzia gurudumu hadi mlango. Msalaba mwekundu ulilala majanini, umekatwa pamoja na bati lake. Kile kidirisha cha kati, ambacho kwacho dereva alimchungulia mgonjwa, kilikuwa kimezibwa kwa ubao mnene. Kiti cha abiria cha mbele kilikuwa kimeng'olewa ili kamera ikae.

“Hicho kiti kitarudi?”

“Wanasema kitarudi.” Gichana alifuta jasho kwa mkono wa shati. “Mzee, naona unaipenda hii gari kama bibi.”

“Bibi ndiye ninampenda. Gari ni ya kumpeleka hospitali.”

Gichana aliulaza msumeno kwenye majani. Kisha akasema, “Lakini fikiria. Kitu cha zamani kikikaa vilevile kinakuwa cha nani? Chako wewe na kutu. Sasa dunia nzima itakiona.”

“Dunia nzima haina moyo uliovimba huko Kaptuiyet.”

“Hapo umenifunga.” Aliwasha msumeno, akauzima tena. “Usinichukie, mzee wangu. Nikikataa watamwita fundi mwingine, na yeye atakata kama mtu anayekata mkate. Mimi angalau nakata mstari umenyooka.”

Kipkurui aliangalia mstari. Ulikuwa umenyooka kweli. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Wiki ya pili walimtuma Celine kumwita. Mzungu wa kuigiza dereva alikuwa ameshindwa na gia. Bedford ile ilitaka kukanyagwa klachi mara mbili na subira, naye hakuwa na lolote kati ya hayo. Wakamvisha Kipkurui koti jeusi, kofia ndefu, na glavu nyeupe hadi kwenye kiwiko ili mikono isionekane ni ya nani. Usoni walimfunga skafu. Akaliendesha gari lake mwenyewe katikati ya chai, jeusi tii, jeneza linaonekana kwenye vioo, mara kumi na moja, na kila mara mtu alipiga kelele kwa kipaza sauti kwamba asigeuze uso.

Rodah aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

“Yaani leo nitalala na mzungu? Baba Cheptoo, walikuachia glavu?”

“Walizivua. Walizihesabu.”

“Basi wewe si mzungu, wewe ni kibarua.” Akavuta pumzi kwa taabu, bado anatabasamu. Alikuwa mwanamke mrefu, mchumaji hodari wa chai siku zake, na tangu miguu ianze kuvimba aliamuru kila kitu kutoka kwenye kigoda chake cha mlangoni: ng'ombe, majirani, mvua. “Na hilo sanduku, ulichungulia ndani?”

“Ni tupu.”

“Lakini ulichungulia.”

“Nilichungulia.”

“Hata wewe,” alisema Rodah, na hakucheka tena.

*

Gari lilirudi baada ya wiki tano. Lilirudi jeusi, na vioo vyake, na reli mbili za shaba sakafuni za kuteleza jeneza, bila kiti cha mbele, bila kidirisha, bila kitanda cha mgonjwa. Mapazia ya zambarau tu ndiyo walibaki nayo, maana yalikuwa ya kukodi. Mabati pia yalifika. Wodi ya kina mama ilipata nusu ya paa, na mwezi huohuo zizi la Kiptum liling'aa juani kiasi cha ndege kukwepa.

Kipkurui alinunua msasa huko Kapkatet na kopo la rangi nyeupe, akaanza kukwangua mlango. Hakuwa amemaliza ukubwa wa sahani Kiptum alipofika akikimbia, jambo lisilo kawaida yake.

“Acha! Acha, dereva! Unataka tufungwe?”

“Mlisema litarudi vile lilivyokuwa.”

“Litarudi. Lakini wameandika hapa.” Alitoa karatasi ya Kiingereza iliyopigwa mihuri. “Picha zikiharibika huko Ulaya watakuja kupiga tena. Gari ikae vile iko mpaka mwezi wa sita. Isiguswe rangi, isiguswe kioo. Ukiigusa, dispensari inalipa.”

“Mliweka sahihi?”

“Kamati iliweka.”

“Mlisoma?”

Kiptum aliikunja karatasi. “Wewe umesoma mpaka darasa la pili, halafu unaniuliza mimi kama nimesoma?”

Kwa hivyo mtu aliyetunza ambulensi miaka ishirini na miwili ili isibadilike alipewa kazi ya kutunza gari la maiti la uongo ili nalo lisibadilike. Alipewa hata kitambaa cha kung'arishia vioo.

Wagonjwa hawakulipanda. Mchumaji aliyevunjika mguu aliliona likija, akaruka na mguu mmoja hadi barabarani na kuomba trekta. Mama mmoja wa uchungu alisema heri ajifungulie majanini. Sista Molly, muuguzi wa dispensari, mzaliwa wa pande za ziwa, aliwagombeza mpaka sauti ikamkauka. “Ni plywood! Hakuna mtu alikufa humo! Nyinyi watu mnaogopa mbao?” Walimsikiliza kwa adabu, wakaondoka kwa miguu. Kipkurui hakuwalaumu. Alijua hakuna maiti aliyelala mle. Na bado, kila alipopanda nyuma kung'arisha vioo, alikanyaga kando ya zile reli, si katikati.

*

Moyo wa Rodah ulimshika Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, mvua za kwanza zinaanza. Alikuwa anapepeta maharage. Ungo ulianguka, maharage yakatawanyika, naye akabaki ameketi wima, mdomo wazi, anavuta hewa kama mtu anayenyonya kupitia kitambaa.

Molly alikuja akikimbia na sindano. Alimsikiliza kifua, akamtazama Kipkurui, akamtoa nje.

“Mzee, hii ni kubwa. Anataka oksijeni na mimi sina. Nimemdunga ya kupunguza maji, itamsaidia saa moja, labda moja na nusu. Enda sasa.”

“Twende wote, sista.”

“Niko na mama anazaa, kichwa kimeonekana. Nikimwacha nitaua wawili. Enda! Usimlaze, umwegemeze akae.”

Alileta gari hadi mlangoni. Majirani walikuwa wameshajaa uani, wanaume chini ya upenu wa jikoni, wanawake na leso kichwani kwa ajili ya mvua. Rodah aliliona gari kupitia mlango. Akatikisa kichwa.

“Hapana.”

“Mama Cheptoo, hakuna kingine. Lori la majani ya chai haliji kabla ya saa nane.”

“Nitangoja lori.”

“Sista amesema saa moja.”

“Niache nife kwangu,” alisema Rodah, kila neno na pumzi yake, “kuliko niende… nimeshakufa.”

Kipkurui aliwageukia majirani. Aliomba wanaume wanne wambebe kwa ngazi hadi lami. Wakasema lami ni mbali, matope yako magotini, atawafia mabegani. Walisema kweli. Aliomba mwanamke mmoja tu, mmoja, aketi naye nyuma amshike. Macho yote yakatazama chini. Rebeccah, jirani wa mlango kwa mlango, mama mkwe wa binti yao Cheptoo aliyekuwa akiishi Kaplong, alisogea hatua moja, kisha akarudi.

“Nina wajukuu, Kipkurui,” alisema. “Nikitoka humo nitawashika na mikono gani?”

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo watu walilisimulia baadaye hata sokoni Sigowet. Alifungua milango ya nyuma, akavua viatu, akapanda, akalala chali katikati ya reli mbili za shaba, mahali penyewe, mikono kifuani. Kupitia vioo kila mtu alimwona, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, soksi zimetoboka vidole, amelala kama maiti huku mvua ikipiga juu yake.

“Tazameni!” alipaza sauti kutoka mle. “Nimelala! Nimekufa? Rodah, tazama! Naamka!” Akaamka, akaketi, akalala tena. “Nalala! Naamka!”

Kijana mmoja alicheka, akaziba mdomo. Mzee mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, “Sasa amejiitia kifo mwenyewe.” Na Kipkurui akaendelea kulala na kuamka, kulala na kuamka, kwa sababu hakuwa na hoja nyingine.

Rodah alitazama mara tatu. Mara ya nne alishika mwimo wa mlango, akasimama.

“Mtoeni huyo mtu wangu,” alisema. “Mnamcheka. Nitaingia.”

Hakuna aliyemgusa wakati wa kupanda ila mumewe. Alimwegemeza kwenye ule ubao wa kati, mito miwili mgongoni, blanketi miguuni, leso kubwa mabegani.

“Mimi niko hapa nyuma ya ubao,” alimwambia. “Sikuoni. Gonga nikusikie. Nami nitagonga.”

“Endesha,” alisema Rodah. “Na usigeuze uso.” Alijaribu kutabasamu. “Si ndivyo walikufundisha?”

*

Kwenye matope ya mteremko aligonga, naye akajibiwa. Darajani aligonga, akajibiwa mara mbili. Walipofika lami alijipa moyo, akakanyaga mafuta.

Lakini dunia ina adabu yake, na adabu hiyo ndiyo iliyomshinda. Wachumaji waliokuwa barabarani waliliona gari jeusi likija, wakashusha vikapu na kusimama. Wanaume walivua kofia kwenye mvua. Watoto wa shule walipangwa na mwalimu wao kando ya lami, vichwa chini. Na kila mmoja wao, baada ya kuinamisha kichwa, alikiinua kidogo ili aone kilichoko ndani ya vioo. Nyuma ya ubao Kipkurui alisikia Rodah akigonga, haraka haraka, si kama mtu anayeitwa bali kama mtu anayeomba.

“Nini, mama? Pumzi?”

“Wananiona,” ilisema sauti, ndogo, kupitia mbao. “Wote… wananiona.”

“Jifunike! Jifunike na leso, usiwatazame! Tunafika!”

Kwenye soko la mwisho kabla ya mji palikuwa na kina mama wa kanisa wametoka ibada ya maombi. Waliziba barabara kwa heshima, kama inavyopasa. Mmoja alianza wimbo wa kusindikiza, wengine wakaupokea, na kundi lote likatangulia mbele ya gari kwa mwendo wa miguu. Kipkurui alipiga honi. Waliona ni uchungu. Alishusha kioo.

“Tokeni! Tokeni njiani! Yuko hai!”

Mama mmoja mnene alikuja dirishani, akamshika mkono kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi ya kweli.

“Pole, baba. Pole sana. Hata mimi wangu nilisema hivyohivyo.”

“Mama, nasema yuko hai! Ni mgonjwa! Namkimbiza hospitali!”

“Bwana ametoa, baba,” alisema yule mama, na kumtilia noti ya shilingi hamsini mapajani. “Lia tu. Lia.”

Wimbo ulikuwa na beti nne. Waliuimba wote, maana haupaswi kukatwa. Walipopisha, Kipkurui aligonga ubao. Rodah akajibu mara moja, polepole.

Aliendesha kama hajawahi kuendesha. Mlima wa mwisho Bedford iliupanda kwa gia ya pili, ikilia. Akagonga. Hakujibiwa, akasema moyoni amelala, sindano imemtuliza, ni vizuri alale.

*

Askari wa geti la hospitali alitoka kibandani na mwavuli na kitabu. Hakuinua chuma cha geti. Alinyoosha kidole kushoto.

“Maiti ni geti ya nyuma, mzee.”

“Ni mgonjwa. Fungua.”

“Mgonjwa na hii gari?”

“Ni ambulensi ya Kaptuiyet! Ilipakwa rangi! Fungua, mtu wangu anakufa!”

Askari alizunguka ubavuni, akaweka kiganja kwenye kioo kuzuia mwanga, akachungulia. Aliona blanketi na leso, kitu kimefunikwa kuanzia miguuni hadi utosini. Akarudi.

“Mzee, mimi nina macho. Nikiingiza maiti kwa wagonjwa, daktari mkuu atanifuta kazi. Zunguka nyuma. Pole lakini.”

“Amejifunika mwenyewe! Aliona haya!”

“Wote mnasema kitu.”

Kipkurui aliruka chini. Alifungua milango ya nyuma, milango yote miwili, ili askari aone vizuri, ili hospitali nzima ione.

“Rodah. Mama Cheptoo. Mwonyeshe huyu mtu. Inua mkono tu.”

Mvua ilianguka juu ya bati. Nyuma yake tayari gari lingine lilikuwa likipiga honi. Alipanda kwa magoti, akaishika leso pembeni kwa vidole viwili, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala, akaifunua. Macho yake yalikuwa wazi nusu. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi karibu na shavu, vifundo vya vidole vikigusa ubao.

Aliushika. Bado ulikuwa na joto. Akageuka kumwambia askari kwamba una joto, na askari alikuwa ameshavua kofia.

Walimwita daktari kijana, akaja na viatu vya mvua, akasikiliza kifua kwa muda mfupi, akamfunika. Alihitaji kujaza fomu.

“Alifariki saa ngapi?”

“Sijui.”

“Ulikuwa naye?”

“Nilikuwa mbele.”

“Nani alikuwa naye nyuma?”

Daktari aliandika kwamba aliletwa akiwa tayari amekufa, akamweleza, bila ubaya, kwamba kwa sababu hiyo Rodah si mgonjwa wao. Hospitali haimwandiki popote. Anaweza kumpeleka mochari, lakini mochari umeme umekatika tangu Jumapili. Ingekuwa vizuri zaidi amrudishe nyumbani leoleo. Daktari akaliangalia gari, reli za shaba, vioo vilivyong'arishwa.

“Afadhali wewe uko na usafiri,” alisema.

Kipkurui aliwaza kumkodia pikapu. Mfukoni alikuwa na noti ya hamsini ya yule mama wa kanisa. Aliwaza kurudi kwa Kiptum. Aliwaza karatasi ile yenye mihuri, na watu waliotia sahihi wakinywa soda, na kwamba hakuna mmoja wao atakayeulizwa swali lolote, si leo, si mwezi wa sita. Kisha alipanda nyuma, akamlaza Rodah vizuri, maana sasa aliweza kulazwa, akamnyoosha ule mkono mpaka ukakubali.

Chuma cha geti kilikuwa kimeshainuliwa. Askari alimsimamisha kwa upole, akamfungulia kitabu dirishani na kumshikia kalamu, kwa kuwa kila gari linalotoka lazima liandikwe. Nambari alikuwa ameshaijaza. Dereva, ameshajaza.

“Hapa panauliza ni gari ya kazi gani,” alisema askari. “Niandike nini, mzee?”

Kipkurui alitazama mbele, wiper ikienda na kurudi.

“Andika ambulensi.”

Askari alimtazama. Akatazama vioo. Akainama, akaandika polepole kwa herufi kubwa ili mwenzake wa zamu asibabaike, na Kipkurui, na darasa lake la pili, akalisoma neno lote kabla wino haujakauka: MAITI.